Pipi za tangawizi za kupika nyumbani, ngumu kweli na zisizonata

Watu wengi wakisikia pipi za tangawizi wanawaza ukali tu, swali la kwanza ni niweke tangawizi kiasi gani iwashe, kumbe ukali ndo kitu rahisi kuliko vyote hapa. Kazi yenyewe ni maji. Pipi ngumu ni sukari iliyofukuzwa maji mpaka yakabaki kama asilimia 2 au 3 hivi, alafu ikapoa kabla haijapata nafasi ya kujipanga kuwa chenga, ndo maana inang'aa kama kioo. Maji yakibaki mengi inanata kwenye meno, ukiichokoza ikajipanga inakuwa mchanga mdomoni, na ukiihifadhi vibaya inavuta maji ya hewani na kuanza kutoka jasho hata kama uliipika vizuri.

Kama unajua kupika visheti na kaimati basi nusu ya somo unalo tayari. Shira ya visheti ikishakolea unaipiga mwiko makusudi ili igeuke nyeupe ivae kwenye visheti, ile ni sukari inarudi chenga na ndo tunachotaka pale. Shira ya kaimati we unataka ibaki laini inateleza, kwahiyo unakamulia ndimu na huikorogi ovyo. Pipi inafuata njia ya kaimati ila inaenda mbali zaidi, maana shira inaishia kwenye nyuzi joto (za Selsiasi) mia na kidogo, pipi mpaka ifike 150 hivi.

VITU VYA KUANDAA

Sukari nyeupe vikombe 2 (gramu 400). Glukosi ya maji theluthi ya kikombe, kama gramu 120, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki, Dar ukienda Kariakoo huikosi. Tangawizi mbichi robo kilo, au gramu 300 kama unapenda iwashe. Maji nusu kikombe. Ndimu moja. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu. Tangawizi ya unga nusu kijiko kidogo, hii nitaieleza mbele kwa nini ipo wakati tuna mbichi. Mafuta kidogo ya kupaka ambayo hayana harufu, na sukari ya unga au konfulawa ya kunyunyizia mwishoni.

Kuhusu sukari, ile ya kahawia sikushauri kwa mara ya kwanza. Ladha yake nzuri lakini ina vitu vingine ndani vinavyoungua mapema, na pia inakuficha rangi, hujui kama pipi imeiva au imeanza kuungua. Asali nayo watu wanaipenda kwasababu tangawizi na asali na ndimu vinaenda pamoja, sawa, weka vijiko vikubwa viwili usizidishe, asali inavuta unyevu sana na pipi yenye asali nyingi kwa hali ya hewa ya Tanga au Mombasa haikai hata siku mbili bila kulainika.

Glukosi usiione kama ya urembo. Kazi yake ni kuingilia katikati ya chembe za sukari zisishikane zikawa chenga. Ukiikosa kabisa, tumia ndimu vijiko vidogo viwili tangu mwanzo wa kupika, asidi ile ikichemka na sukari inaivunja sehemu yake kuwa glukosi na fruktosi, kwahiyo unatengeneza kizuizi chako mwenyewe humo humo sufuriani. Shida ni kwamba huna kipimo, ukizidisha ndimu sukari inavunjika kupita kiasi na pipi inanata, ukipunguza inarudi chenga. Inawezekana, ila yenye glukosi ina uhakika zaidi.

Vyombo: sufuria zito lenye kitako kinene, na liwe kubwa mara tatu ya unachopika maana juisi ya tangawizi inatoa povu na kupanda. Sufuria jembamba la aluminiamu kwenye moto wa gesi linaunguza katikati wakati pembeni bado. Mfuniko wake. Chujio na kitambaa safi cheupe. Trei au sinia la chuma. Karatasi ya kuokea kama unayo, kama huna paka sinia mafuta. Usije ukamwagia juu ya gazeti au mfuko wa plastiki, la kwanza lina wino na la pili litayeyuka. Mkasi, bakuli la maji baridi yenye barafu, na themomita ya jikoni inayofika nyuzi 200. Ile ya kupimia homa inaishia 42 tu, hiyo iache kabatini.

JUISI YA TANGAWIZI

Chagua tangawizi iliyokomaa, ngozi imekauka na ukiivunja inatoa nyuzinyuzi. Hizi vidole vidogo vidogo vya kwetu, kama zile zinazolimwa milima ya Upare huko Same, zinawasha kuliko yale mapande makubwa laini ya supamaketi, kwahiyo ukitumia hayo makubwa ongeza kiasi. Osha kwa brashi udongo wote utoke kwenye mikunjo. Kumenya sio lazima ila ngozi inaleta rangi ya tope, mi namenya kwa ubavu wa kijiko, inatoka yenyewe na hupotezi nyama nyingi.

Katakata vipande vyembamba kukata zile nyuzi, saga kwenye blenda na lile nusu kikombe la maji, huna blenda kwaruza au twanga kwenye kinu. Kamua kwenye kitambaa kwa nguvu zako zote. Utapata kama kikombe kimoja kasoro kidogo.

Sasa hapa ndo watu wanaharakisha. Juisi hiyo iache kwenye glasi itulie dakika 20, alafu itazame chini, utaona utando mweupe mzito umejikusanya kitakoni. Ule ni wanga wa tangawizi. Ukiupeleka sufuriani unashika chini unaungua kabla sukari haijaiva na pipi inakuwa na uchungu na ukungu, watu wanalalamika tangawizi imefanya pipi chungu kumbe ni wanga ulioungua. Mimina taratibu juisi ya juu kwenye chombo kingine, ule weupe uache hapo hapo. Nyuzi nazo zisiingie hata moja, kila kitu kigumu kinachoelea kwenye shira ni mahali pa chenga kuanzia.

Makapi usitupe, yanafaa kwenye chai. Ila kama ni ya maziwa yachemshe kwanza na maji mpaka yaive ndo uweke maziwa, tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa na moto ndo unakiua.

KUPIKA

Kabla hujawasha jiko andaa kila kitu, trei imeshapakwa mafuta, mkasi umepakwa mafuta, ndimu imekamuliwa na kuchujwa, unga wa tangawizi umepimwa, maji ya barafu yako karibu. Pipi ikishaiva haikusubiri utafute mkasi. Na watoto watoke jikoni, nasema kwa uzito kabisa, hii sio maji ya moto, maji yanachemka kwa 100 na yanateleza yakikumwagikia, shira ya nyuzi 150 inang'ang'ania kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Ikikudondokea weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, hamna cha dawa ya mswaki wala siagi wala unga wa ngano, na kama ni kubwa nenda hospitali.

Hatua ya kwanza, weka sukari, juisi, glukosi na chumvi kwenye sufuria, moto mdogo, koroga taratibu mpaka sukari yote iyeyuke kabla haijaanza kuchemka. Pima kwa kuchukua tone kwenye kijiko, lisugue kati ya vidole likishapoa, ukisikia chengachenga bado. Huu ndo wakati pekee unaoruhusiwa kukoroga.

Hatua ya pili, ikianza kuchemka toa mwiko, funika sufuria dakika 2 au 3. Mvuke unapanda, unageuka maji, unashuka pembeni na kusafisha zile punje za sukari zilizoruka kwenye kuta za sufuria. Usiondoke lakini, kwasababu ya lile povu, ukiona linapanda inua mfuniko. Punje moja ya pembeni ikidondoka ndani mwishoni inaweza kugeuza sufuria nzima kuwa nyeupe, na hapo we ulishapoteza nusu saa ya gesi. Baada ya kufunua, ukiona punje zimebaki zipitishie brashi iliyoloa maji.

Hatua ya tatu ni kusubiri, na hii inachosha. Moto wa wastani, themomita imezama kwenye shira ila haigusi kitako. Mwanzoni joto linapanda kidogo alafu linaganda kwenye 105, 108, 110, unaweza kudhani kipimo kimekufa, kumbe ni maji yanatoka na mpaka yapungue joto halipandi. Angalia mapovu. Sasa hivi ni makubwa mepesi yanapasuka haraka na mvuke ni mwingi, harufu ya tangawizi imejaa nyumba nzima na ukisogeza uso unapaliwa. Baadae mapovu yanakuwa madogo, mazito, yanapasuka kivivu, mvuke unapungua na rangi inaanza kwenda kwenye dhahabu. Kuanzia 130 joto linapanda mbio, punguza moto hapo hapo, usishike simu.

Unaipua ikifika 148 mpaka 150. Vitabu vya pipi vitakwambia mpaka 154 na ni kweli kwa sukari tupu, ila hii ina juisi ya mmea ndani na inaungua mapema, ukifika 155 utaanza kusikia harufu ya kuungua chini ya harufu ya tangawizi.

Kuna jambo la wanaoishi juu. Namba hizo ni za usawa wa bahari, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Nairobi maji yanachemka kwenye 94 hivi, sio 100, na shira nayo inashuka vile vile. Kwahiyo chemsha maji matupu kwanza, weka themomita, soma namba, tofauti yake na 100 itoe kwenye 150. Nairobi unaipua kwenye 144. Ukingoja 150 ya Dar ukiwa Nairobi au Mbeya pipi inapitiliza. Hii pia inakusaidia kujua kama themomita yako yenyewe inadanganya, maana nyingine zinauzwa zikiwa zimeshapotoka kutoka dukani.

Huna themomita? Tumia maji ya barafu. Sogeza sufuria pembeni ya moto kila unapopima isije ikaendelea kuiva, dondosha tone la shira kwenye bakuli, lisubiri kidogo, lichukue. Likiwa laini unaweza kulifinyanga kuwa kidonge, bado sana. Likiwa gumu lakini ukilikunja linapinda kwanza ndo linakatika, bado kidogo, ukiipua hapo utapata pipi ya kung'oa meno. Likikatika ka! bila kupinda, na ukilitafuna linavunjika bila kushika jino, imeiva. Usidondoshe ukaweka mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye mwiko tafadhali.

Hatua ya nne, toa motoni, subiri mapovu yatulie, alafu weka kijiko kidogo kimoja cha ndimu na ule unga wa tangawizi, zungusha mara chache tu. Itafoka kidogo kwasababu ya ndimu, kaa mbali na uso. Sababu ya unga ni hii: juisi imechemka nusu saa, ule muwasho wa kooni umebaki lakini harufu yake ya juu nyingi imeshaenda na mvuke. Juisi mbichi ya tangawizi huwezi kuongeza mwishoni kwasababu ingebidi iwe nyingi na unarudisha maji uliyoyafukuza, ile ndimu ni kijiko kidogo kimoja tu. Unga mkavu hauna maji. Uchekeche kwanza usiwe na mabonge.

KUMWAGA NA KUKATA

Mimina kwenye trei kwa mkupuo, usikwangue sufuria, kile kilichoshika pembeni kina chenga, kiache. Kama unataka za haraka dondosha kwa kijiko matone matone juu ya karatasi, yanakaa duara yenyewe na hamna kukata, ndo njia nayompendekezea anayeanza. Zisiguse tu.

Za kukata, subiri dakika 3 mpaka 5, pembeni zitaanza kushika wakati katikati bado inatembea. Ingiza kisu kilichopakwa mafuta chini ya pembe, kunja pembe kuelekea katikati, endelea hivyo mpaka iwe donge linaloshikika, vaa glavu nene au mbili mbili zenye mafuta. Sokota kamba ya unene wa kidole, kata na mkasi vipande vya sentimita moja na nusu, ukizungusha kamba robo kila unapokata vinapata umbo la mto lile la pipi za dukani. Fanya haraka na ikiwezekana muwe wawili, mmoja anasokota mwingine anakata, maana donge likipoa linapasuka badala ya kukatika. Likikugomea weka trei kwenye oveni ya moto mdogo dakika chache litalainika tena.

Wanaotaka ile rangi ya maziwa, donge wakati bado linavutika unalivuta, unalikunja, unalivuta tena, hewa inaingia ndani na pipi inakuwa nyepesi kutafuna. Mikono itakoma lakini.

Kwa vipimo hivi unapata karibu nusu kilo. Zikishapoa kabisa zigaragaze kwenye sukari ya unga au konfulawa, zichekeche za ziada zitoke.

KUHIFADHI

Usisubiri kesho. Pipi ikishapoa tu inaanza kuvuta unyevu, na kwa watu wa pwani msimu wa masika masaa mawili nje yanatosha kuona zinang'aa kwa jasho. Mi naona bora upike asubuhi siku ya jua, siku ya mvua pika kitu kingine. Funga kila moja kwenye kipande cha karatasi ya nta au selofeni, sokota pande mbili, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Chupa iwe imekauka kweli kweli, tone moja la maji linaharibu zote. Friji hapana, ukizitoa zinapata umande juu na hapo zimekwisha. Zikikaa vizuri zinamaliza wiki kadhaa bila shida.

ZIKIHARIBIKA

Zinanata: hazikufika joto. Rudisha zote sufuriani (za unga tikisa kwanza), ongeza robo kikombe cha maji, yeyusha moto mdogo, pika upya mpaka 148. Zitakuwa na rangi nzito zaidi ila zitaliwa.

Zimekuwa mchanga: ilikorogwa au punje ilidondoka. Dawa ni ile ile, maji na glukosi kijiko kikubwa kimoja zaidi, na safari hii uifunike vizuri.

Chungu: wanga au moto mkubwa. Hamna dawa.

Haziwashi: tangawizi changa, mara nyingine ongeza nusu ya kipimo tena au weka pilipili manga ya unga mbana mmoja pamoja na ule unga wa mwishoni. Wengine wanaweka karafuu, punje moja iliyosagwa inatosha sufuria zima, ukizidisha mdomo unakufa ganzi.

Kuna watu watakuuliza kama zinatibu. Kooni zinatuliza kweli, mate yanatoka na ule muwasho unafungua, na tangawizi inajulikana kusaidia kichefuchefu, safari ya basi la Lushoto na zile kona watu wanazihitaji. Lakini hii ni sukari jamani, zaidi ya asilimia 90, mwenye kisukari asidanganywe na jina la tangawizi, na anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari wake kabla hajazifanya mazoea. Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe pipi ngumu ya aina yoyote, zinakaba.

Anayewaza kuuza, anza na majirani uone zinakaaje kwenye pakiti wiki mbili tatu kwa hali ya hewa ya kwako. Kama ni Tanzania pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe mafunzo ya usindikaji, TBS, shirika la viwango, ndo wenye vibali vya chakula, Kenya shirika la viwango ni KEBS.

Na sufuria, usilikwaruze na kisu wala steli waya. Jaza maji mpaka pale shira ilipofika, tumbukiza humo humo mwiko, themomita (kama ni ya kuloweka) na vijiko vyote vilivyoganda, weka jikoni ichemke dakika kumi, sukari yote inayeyuka yenyewe. Maji yale kama hakuna kilichoungua yana tangawizi na utamu tayari, tia majani ya chai humo uchuje unywe.